Uzi: Fumbo la maneno la kificho kwa Kiswahili. Vidokezo 10 vya kusini, tufumbue na tuelezane

KaraniGhala

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni karani wa ghala la chama cha msingi huku Mtwara. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba hivi, kazi yetu ni kupokea magunia, kupima, kuandika, halafu kungoja mnada. Katika kungoja huko nilianza kuchora miraba kwenye kurasa za nyuma za daftari, na leo ni mwaka wa nne sijaacha.

Fumbo la maneno la kawaida wote tunalijua. Unaambiwa "Mnyama mwenye shingo ndefu (5)", unaandika TWIGA, umemaliza. Hapo umepimwa unachokijua. Hili ninalolipenda mimi ni jingine. Kidokezo chake kinasomeka kama sentensi ya kawaida, lakini kimeficha vitu viwili. Cha kwanza ni fasili, yaani maana ya jibu, na hukaa mwanzoni au mwishoni, katikati haikai. Cha pili ni ufundi, yaani maelekezo ya kulijenga jibu lilelile kwa herufi zake. Ukipata jibu kwa njia zote mbili hubaki na shaka hata chembe. Ndiyo raha yake.

Historia kwa ufupi. Fumbo la kwanza la miraba lilichapishwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Waingereza ndio waliolitia kificho. Edward Powys Mathers alilitunga katika The Observer kuanzia 1926 kwa jina la Torquemada hadi alipofariki mwaka 1939. Aliyemrithi, mwalimu D. S. Macnutt, alijiita Ximenes, na mwaka 1966 alitoa kitabu kilichoweka sheria ambazo watunzi wengi wanazifuata hadi leo: kidokezo kiwe na fasili sahihi, kiwe na ufundi wa haki, na kisiwe na kitu kingine cha ziada.

Miaka miwili iliyopita nilipeleka la kwangu kwenye gazeti moja. Nikajibiwa kwamba Kiswahili hakiwezi mchezo huu kwa sababu maneno yetu yote yanaishia na irabu. Jibu hilo liliniuma, na limenikaa moyoni hadi leo. Lugha iliyomzaa Muyaka, mshairi wa Mombasa, na mafumbo yake, lugha ambayo mtoto wa miaka mitano anaambiwa "kitendawili!" na anajibu "tega!", leo ishindwe na miraba?

Basi nimeleta vidokezo 10, vingi vya kwetu kusini. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi. CH, SH, NG na wenzao nahesabu herufi mbili mbili, kama tunavyoandika.

1. Alipapasa ndani akakuta samaki (4)
2. Ndege wa kujifunga kifuani (5)
3. Amani ikirudi, pinda mgongo (5)
4. Samaki walivurugwa msimu wa mvua (6)
5. Mali kwa kinyume: shika jembe (4)
6. Ali ndiye aliyebeba mji wa kusini (5)
7. Mti umemmeza simba: ufukwe wa Mtwara (8)
8. Hamasa siku hizi imeficha mji (6)
9. Enea kama wingu, mwanzo wa harusi, toa wimbo: wilaya ya korosho (10)
10. Mi, mtoto wa ndege, ni bandari ya kale (9)

Cha kwanza nakifumbua mwenyewe ili tuwe pamoja. Ukikisoma unamwona mtu gizani, kaingiza mkono kwenye kapu. Picha hiyo isahau. Tazama neno "alipapasa" kama kamba ya herufi: A-L-I-P-A-P-A-S-A. Neno "ndani" linakuambia uingie humo. Toa A-L-I mbele, toa S-A nyuma, kinabaki PAPA. "Akakuta" ni kiungo tu. "Samaki" ndiyo fasili. Kila neno limefanya kazi.

Sharti la uzi huu ni moja: jibu bila maelezo halihesabiki. Karibuni.

BintiShangani

Kaka Karani, asante kwa uzi. Nimekipata cha 2 na cha 4.

Cha 2 ni KANGA. Kanga ndege, na kanga ya kujifunga. Neno moja, maana mbili, hakuna herufi iliyohamishwa.

Cha 4 kimenichukua muda. Nilidhani natafuta samaki, chewa, tasi, kolekole, nikihesabu herufi hazifiki sita au zinapita. Baadaye nikaona kwamba wewe umeshamtaja samaki, kwa hiyo huenda ndiye malighafi. "Walivurugwa" maana yake herufi zimekorogwa. Nikaziandika kwa duara nyuma ya bahasha: S, A, M, A, K, I. Ukiziandika kwa mstari jicho linaendelea kusoma samaki, samaki. Kwa duara zinaachana. Nikaona MASI, halafu KA. MASIKA! Herufi zilezile sita, na masika ni msimu wa mvua.

Ila nina neno. Sisi huku masika na vuli hatuzitofautishi kama watu wa Tanga au Dar. Mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Mtoto wa Newala ukimwambia masika anaweza asikuelewe haraka.

KaraniGhala

Dada, yote mawili ni sahihi, na mbinu ya duara naipokea kwa mikono miwili. Mimi huanza na konsonanti kwanza, S, M, K, halafu napachika irabu, kwa sababu kila silabi yetu karibu lazima iishie na irabu. Hapo ndipo yule mhariri alipokosea. Irabu mwishoni zinampa mfumbuaji mahali pa kushika, hazimzuii.

La masika umenena. Fasili ni ya kamusi, lakini mtunzi anayetungia watu wa kusini angepaswa kulifikiria.

LindiPwani

Salaam kutoka Lindi. Cha 6 ni mji wangu na nimeona aibu kwa muda nilioutumia!

Nilisoma "mji wa kusini (5)" nikaandika KILWA bila kufikiri, herufi tano zinatosha kabisa. Nikatafuta Kilwa kwa Ali, sikuiona. Sultani gani aliitwa Ali? Nikawa nimezama kwenye historia ya Kilwa Kisiwani badala ya kwenye kidokezo. Kesho yake asubuhi nikakisoma kwa sauti, polepole, "Ali ndiye", nikasikia mji wangu unatamkwa. A-LI NDI-YE. Katikati LINDI imelala. "Aliyebeba" inaonyesha kwamba maneno hayo mawili yamebeba kitu.

KaraniGhala

Ndivyo ilivyo ndugu yangu wa Lindi. Na kosa lako la kwanza ndilo somo zuri kuliko yote. Fasili peke yake inakubali Kilwa na inakubali Lindi. Ufundi ndio unaochagua. Katika fumbo la kawaida ungebaki na Kilwa yako hadi neno la wima likukatae.

Kusoma kwa sauti kunasaidia sana kwenye maneno yaliyofichwa, kwa sababu jicho linasimama kwenye nafasi kati ya neno na neno, sikio halisimami.

MvuviMsimbati

Cha 7 mimi sikuhitaji kufumbua, ufukwe wa Mtwara wenye herufi nane nalala juu yake. MSIMBATI. Lakini sharti ni maelezo, kwa hiyo nimekaa nayo kwenye mtumbwi tangu saa kumi usiku.

Niliandika MTI kwenye kiganja. Mti unameza. Sasa ukimeza kitu kinaenda tumboni, yaani kati ya M na TI. Nikaweka simba hapo: M, SIMBA, TI. Nimekaa Msimbati maisha yangu yote, jina la kijiji changu nimeliandika kwenye fomu za shule, za kitambulisho, za leseni, na sijawahi kumwona huyo simba ndani ya mti. Nimewaonyesha wenzangu pwani tulipokuwa tunashusha samaki, wakaomba niandike kwenye mchanga waone. Tumeiandika kubwa.

KaraniGhala

Mkuu, kidokezo hicho nilikipata nikiwa natazama gunia lenye jina la kijiji limepigwa kwa rangi. Rangi ilikuwa imefutika kidogo, imebaki SIMBA inayong'aa katikati. Nilisimama pale hadi mpimaji akaniuliza kama naumwa.

Mbinu hii naiita kumeza. Inakubali vizuri sana lugha yetu kwa sababu neno likianza na kiambishi chembamba kama M au U au KI, unaweza kulipasua hapo na ukatia kitu.

MwalimuMstaafu

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi hapa Masasi, na nimekuwa nikisoma uzi huu tangu jana bila kuandika. Kijana Karani, kazi yako nzuri. Lakini nina hoja tatu, na naomba uzipokee.

Ya kwanza, kidokezo cha 5. Unasema "mali kwa kinyume". Nikigeuza MALI napata ILAM, ambalo si neno. Cha 3 nacho kinageuza: AMANI ikirudi inakuwa INAMA, herufi kwa herufi, na kuinama ni kupinda mgongo. Hicho ni kizuri mno, nakisifu. Lakini sheria inayofanya kazi kwenye cha 3 inakataa kwenye cha 5.

Ya pili, cha 8. Jibu ni mji wangu, MASASI, limefichwa katika "hamasa siku". Sawa. Lakini neno "hizi" linafanya nini hapo? Wewe mwenyewe umetuambia kwamba kusiwe na kitu cha ziada.

Ya tatu, cha 2. Tunasema kanga ya kujifunga. Wewe umeandika "wa kujifunga". Ngeli imekwenda wapi?

KaraniGhala

Shikamoo Mwalimu. Nimefurahi sana umeingia.

Naanza na ya kwanza maana ndiyo iliyonisukuma kuandika uzi huu. Bibi yangu alikuwa mtu wa Mikindani, na wao walipotaka kusema mambo mbele yetu watoto walisema kinyume. Silabi ya mwisho inatangulia. "Leta maji" inakuwa "tale jima". Tulikaa pale tumetoa macho. Siku niliyoielewa nilikuwa na miaka saba au minane, bibi akamwambia mama "tale jima", mimi nikainuka nikaenda kuchota. Wakaangaliana. Tangu siku hiyo ilibidi watafute namna nyingine.

Kwa hiyo ninaposema "kinyume" nakusudia kinyume hicho hasa, cha silabi. MA-LI inakuwa LI-MA. Lima, shika jembe. Na hapo ndipo naona Kiswahili kina mlango wake, hakihitaji kuingia kwa mlango wa Kiingereza. Waingereza wanageuza herufi kwa sababu silabi zao hazikatiki sawasawa. Zetu zinakatika kama vipande vya muhogo. CHAPA ukiigeuza kwa herufi unapata takataka, kwa silabi unapata PACHA. MBATA inakuwa TAMBA. KASA anakuwa SAKA. Nina daftari zima la jozi kama hizi, na kila wiki napata nyingine nikiwa njiani.

Cha 3 kinageuza herufi kwa sababu kinasema "ikirudi". Kurudi ni herufi, kinyume ni silabi. Ndivyo nilivyoamua.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Sasa nimekuelewa, na nimekumbuka hata sisi tulisema hivyo udogoni. Lakini umeamua peke yako. Mfumbuaji hajui kwamba umeamua. Sheria iliyo kichwani mwa mtunzi haijawa sheria bado.

KaraniGhala

Ni kweli Mwalimu. Nilipaswa kuandika hilo juu kabisa, kabla ya vidokezo. Nakubali kosa, na naliandika hapa kwa kila atakayesoma: KURUDI au KUGEUKA ni herufi moja moja, KINYUME ni silabi.

Kuhusu "hizi", umenikamata vilevile. Liliingia kwa sababu "hamasa siku imeficha mji" si Kiswahili. Sikutaka sentensi ichechemee, nikaongeza neno. Ni uvivu.

Kuhusu kanga, hapo nakuomba tuongee kidogo. "Wa" inafuata ndege, na ndege kwenye sentensi ndiye mwenye kutajwa. Anayesoma anamwona ndege anayejifunga kitu kifuani, ndiyo picha ya kumpoteza. Ningeandika "ya" ningekuwa nimetoa jibu, maana ndege hapokei "ya". Lugha yetu ina mtego huu ambao Kiingereza hakina: ngeli inasema ukweli hata pale mtunzi anapotaka kuficha. Kila ninapotunga, nusu ya kazi ni kutafuta jinsi ya kuzuia "ki", "vi", "li" na "ya" zisinisaliti.

MwalimuMstaafu

Hoja ya ngeli inanifikirisha. Nitakubali "wa" kwa sababu sentensi ya juu imesimama. Lakini kama fasili ya pili ingesimama peke yake, "wa kujifunga kifuani", isingekuwa fasili ya kanga ya nguo. Kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe imechubuka kidogo.

BintiShangani

Shikamoo Mwalimu. Hapo mimi namuunga mkono Mwalimu. Ukiandika "Ndege, vazi la kifuani (5)" unakosa picha, lakini unapata haki. Sijui kipi bora.

Ila cha 8 nimekitengeneza, naomba mkione: "Hamasa sina, ndani mna mji (6)". HA-MASA SI-NA. Masasi ipo, na hakuna neno lililokaa bure.

KaraniGhala

Dada! Hicho ni bora kuliko changu kwa mbali. "Hamasa sina" ni malighafi, "ndani mna" ni ishara, "mji" ni fasili, na kinasomeka kama mtu aliyechoka akieleza moyo wake. Nakifuta cha kwangu, hiki ndicho kidokezo cha 8 kuanzia sasa.

KijanaChikongola

Samahanini wakuu, nimesoma yote na nimevutiwa, ila swali moja la kweli: mtu anafaidika nini? Nauliza kwa nia njema.

KaraniGhala

Swali halali mdogo wangu. Kuna mfano mmoja mkubwa. Januari 1942, katikati ya vita, watu walialikwa kwenye ofisi za Daily Telegraph huko London kufumbua fumbo la gazeti hilo chini ya dakika 12. Baadaye baadhi yao waliitwa kufanya kazi Bletchley Park, mahali Waingereza walikokuwa wakivunja maandishi ya siri ya Wajerumani. Walitakiwa watu wanaoweza kuangalia sentensi bila kuiamini kwa haraka.

Lakini mimi sikuanza kwa sababu hiyo. Mwanangu yuko darasa la tatu. Tukikaa barazani jioni namtupia neno, ananirudishia kinyume chake. Jana amenipa mwenyewe: TAKA kinyume KATA. Mtoto huyu mwaka jana alikuwa anasoma kwa kukwama. Sasa anaziona silabi.

LindiPwani

Cha 9 nadhani ninacho. Enea kama wingu: TANDA, mawingu yametanda. Toa wimbo: IMBA. Mwanzo wa harusi: H. TANDA, H, IMBA. TANDAHIMBA, herufi kumi, wilaya ya korosho bila ubishi.

MwalimuMstaafu

Jibu sahihi, ndugu wa Lindi. Lakini Karani, kisu chako kimebadilika tena. Umetuambia silabi ndiyo tofali la Kiswahili. Mwanzo wa HARUSI kwa silabi ni HA. Tungejenga TANDAHAIMBA.

KaraniGhala

Mwalimu, hapa sina pa kujifichia. Nilikuwa na H mkononi nikaitafutia neno. Waingereza wanasema "mwanzo wa harusi" kwao ni herufi moja, nami nikaifuata desturi yao bila kuiuliza, baada ya kusema nataka mlango wetu.

Nimekaa na hili usiku mzima. Naona njia ni hii: mtunzi aseme anakata nini. Akisema "herufi ya kwanza ya harusi", ni H. Akisema "mwanzo wa harusi" bila kutaja, ni HA. Vivyo hivyo kwenye kukata mkia. Mfano nilionao daftarini: "Mtakatifu kwa kifupi, waraka bila silabi ya mwisho: mji wa bandari (6)". MT, kama tunavyoandika Mt. kwenye majina ya makanisa, halafu WARA, kwa kuwa KA imeondoka. MTWARA. Bila neno "silabi" mtu angetoa A peke yake, abaki na WARAK, akwame, na lawama ingekuwa yangu.

Cha 9 kisomeke: "Enea kama wingu, herufi ya kwanza ya harusi, toa wimbo: wilaya ya korosho (10)". Kimerefuka na utamu umepungua kidogo, lakini kimenyooka.

MvuviMsimbati

Na herufi mbili kama CH na SH je? Ukisema herufi ya kwanza ya SHANGANI ni S au SH?

KaraniGhala

Mkuu umegusa kidonda. Kwenye miraba naziandika mbili, kwa sababu ndivyo kalamu ilivyozoea. Lakini kwenye ufundi sizipasui kamwe. SH ni sauti moja. Mtu akikata S akaacha H ametenganisha pacha. Kwa hiyo kwangu neno kama SHANGANI siliombi herufi ya kwanza hata kidogo, natafuta neno jingine.

MwalimuMstaafu

Mimi ningeziweka kwenye mraba mmoja. Hili hatutakubaliana leo.

MvuviMsimbati

Sawa. Sasa kimebaki cha 10. Bandari ya kale yenye herufi tisa, nani wa huku asiyejua ni MIKINDANI? M-I-K-I-N-D-A-N-I, tisa. Lakini maelezo sina. Nimeona NDANI mwishoni, nikasema basi MIKI yuko ndani. Miki ni nani sasa?

LindiPwani

Nami nimekwama hapohapo kwenye NDANI. Imekaa kama mlango ulio wazi, lakini kidokezo hakisemi ndani popote. Na "mtoto wa ndege" kwangu ni kifaranga, herufi tisa! Nikaanza kudhani fasili iko mbele na jibu ni KIFARANGA. Lakini bandari ya kale inatoka wapi basi?

KaraniGhala

Siongezi neno. Naomba tu mkisome upya na mkumbuke: kila neno lina kazi, hata lile dogo mnalolipita.

KijanaChikongola

Mi ni mimi kwa mkato? Kama "mi naenda"? Basi MI inaanza jibu. Inabaki KINDANI. Hapo nimeishiwa.

BintiShangani

Subirini, asimalize mtu!

Mama yangu anafuga njiwa nyuma ya nyumba. Leo asubuhi nimemsikia anamwambia mdogo wangu, "usiguse, makinda hayajaota manyoya." Nimesimama na ndoo mkononi. KINDA! Mtoto wa ndege ni kinda. Kijana kashatupa MI. MI, KINDA, inabaki NI.

Na "ni" iko kwenye kidokezo, imekaa wazi mbele ya macho yetu siku tatu! Wote tuliisoma kama "ni" ya kuunganisha, kwamba kitu fulani ni bandari ya kale. Siyo kiungo. Ni herufi mbili za jibu. MI + KINDA + NI, na "bandari ya kale" ndiyo fasili.

KaraniGhala

Ndiyo, dada. Ndiyo yenyewe. MI herufi mbili, KINDA tano, NI mbili, jumla tisa. Na Kijana Chikongola amestahili nusu ya heshima hii, maana "mi" ndiyo ufunguo wa kwanza.

Kidokezo hicho nilikitunga kwa ajili ya bibi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba maneno madogo ndiyo yanayobeba. Alikuwa akitutegea kitendawili kisha anatutazama midomo, akiona tumemeza neno anarudia polepole.

MwalimuMstaafu

Nimekagua cha 10 neno kwa neno. Sina hoja.

Nami nimejaribu kutunga kimoja, cha kwanza maishani mwangu, na nimetaja kisu ninachotumia. Nimekifuta mara sita kwenye karatasi kabla ya kukileta hapa.

11. Nne bila herufi ya kichwa, wala: mji wa juu uwandani (6)

KaraniGhala

Mwalimu, nimekipata, na nimekikagua mara mbili. Hakuna neno lililokaa bure. Sitasema jibu hadi kesho jioni, wengine nao wajaribu.